Kazi ya Hilaire Iliyobaki Wazi

Marceline Sikujua alizaliwa Kindu. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na mama alibeba mimba yake bila kujua, akidhani ni ugonjwa wa tumbo. Ndiyo sababu mtoto akapewa jina la Sikujua. Alikuja Kisangani akiwa msichana, akasoma kwa masista, akajifunza kupiga taipu, akaolewa na mwalimu mmoja aitwaye Emile, wakapata watoto na nyumba ya matofali katika commune ya Tshopo. Katika hayo yote alikuwa mtu wa wasiwasi. Gari likisimama nje, moyo ulimruka. Mtoto akichelewa kutoka shule, yeye alikuwa barabarani tayari, kikwembe hakijakazwa kiunoni. Emile alimtania kwamba siku atakapokosa la kuhofia ataugua.

Wasiwasi huo ndio uliompatia kazi. Katika barabara ya kwenda Simi-Simi kulikuwa na depo ya dawa iliyolisha hospitali na zahanati za jimbo zima, na wazungu wa msaada walikuwa wameiletea ordinateri, yaani mashini ya kompyuta. Mkuu wa depo, Daktari Octave, alitakiwa kuchagua watu wawili wakafundishwe Kinshasa. Alimchagua Hilaire, kijana wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kushika mambo. Akamchagua Marceline kwa kuwa hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwake kabla hajaipitia mara mbili.

Kule Kinshasa walifundishwa jambo ambalo Marceline hakulisahau. Ile mashini, kabla ya kubadili chochote katika hesabu ya ghala, huandika kwanza katika jurnali yake ya ndani: nani ameanza kazi gani, amegusa dawa gani, amemaliza au hajamaliza. Umeme ukikatika katikati, mashini ikiamka husoma jurnali, hukamilisha kazi zilizofungwa na kurudisha nyuma zilizoachwa njiani. Lakini jurnali ina nafasi yake, na nafasi hiyo ina mwisho. Kwa hiyo kila jioni mmoja wao aliinakili kwenye bande, yaani utepe wa kuhifadhia, ya zamani yakafutwa, nafasi ikapatikana tena. Walifanya hivyo kwa muda mrefu bila shida, wakazoea.

Hilaire alikuwa na terminali yake, yaani kioo na vibonye vya kuandikia, katika chumba kidogo cha nyuma, na Marceline alikuwa na yake katika chumba kikubwa, karibu na mashini yenyewe. Kazini, mbele ya wakubwa, Hilaire aliitwa Citoyen Lokinda, yaani Mwananchi Lokinda, maana wakati ule majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, na Marceline mwenyewe alikuwa Citoyenne Sikujua. Lakini mzungu aliyeifunga mashini hakuwa na habari na mambo hayo. Alimwandikisha kama alivyojitambulisha siku ile, na humo ndani ya mashini alibaki Hilaire.

Mwaka wa themanini na tisa, mvua zilipoanza, surua iliingia Banalia. Habari zilikuja kwa redio ya wamisheni: watoto wanajaa zahanati, wengine hawarudi nyumbani. Dawa ya chanjo ilikuwa imefika kwa ndege, ikawekwa katika chumba cha baridi cha depo, ikingojea lori.

Alhamisi ile Hilaire alikuwa chumbani kwake akiingiza mzigo huo katika hesabu ndipo watu wawili wenye abacost nyeusi, zile suti za watu wa serikali, walipoingia bila kubisha. Marceline aliwaona wakipita mbele ya meza yake. Mlango ulikuwa wazi, akasikia yote.

"Citoyen, tufuate. Dakika moja tu."

"Bon, niache nimalize huu mustari," Hilaire akasema. "Iko nabakia kidogo sana."

"Acha ile kintu. Simama."

Akasimama. Alipopita kwa Marceline alimtazama, akataka kusema neno, mmoja wao akamshika kiwiko. Mwingine alibaki nyuma, akafunga mlango wa chumba kidogo, akabandika juu yake karatasi yenye muhuri. Hakuna aliyethubutu kuuliza kosa. Baadaye watu walinong'ona kwamba alikutwa na karatasi za wanafunzi, zile zilizosema vibaya juu ya Parti, chama tawala, lakini waliosema hivyo hawakuwa wameziona.

Tangu saa ile jina la Hilaire lilikauka midomoni mwa watu wa depo. Daktari Octave alipita mbele ya ule mlango akitazama upande mwingine. Marceline alipeleka sombe na samaki kwa Berthe, mke wa Hilaire, akavipitisha mlango wa nyuma, akarudi nyumbani mbio akimwomba Mungu asionwe. Ijumaa na Jumamosi aliinamisha kichwa akafanya kazi za watu wawili: ulikuwa wakati wa kuhesabu upya ghala zima, kila kopo, kila chupa, kila boksi la sindano, na yote hayo kuyaingiza kwenye mashini. Hakutaka kufikiri lingine lolote, hata bande ya jioni aliisahau siku zote hizo.

Jumatatu, baada ya kuimba mbele ya bendera kama kila asubuhi, alikuta lori limekwisha kuegeshwa uani. Dereva wake aliitwa Sefu, Mwislamu wa Maniema, mtu mrefu wa sauti ya taratibu. Kwa kuwa Kindu nako ni Maniema, alimwita Marceline dada. Alikuwa amechukua barafu alfajiri, masanduku ya chanjo yalikuwa wazi yakingoja.

"Dada, nipatie karatasi ya kutoka, niende," alisema. "Mvua iko nakuja. Nikichelewa hapa nitalala njiani kwa potopoto, kwa matope. Na mutoto wa dada ya muke wangu iko mugonjwa kule."

"Dakika moja, kaka. Ninakuandikia sasa hivi."

Hakuna kitu kilichotoka depo bila karatasi iliyochapwa na mashini. Mwaka uliotangulia kwinini nyingi ziliibwa kwa karatasi za mkono, na tangu hapo wakubwa wa jimbo waliweka askari langoni wenye amri moja: karatasi ya mashini, au rudi.

Marceline alikaa, akaandika: chanjo ya surua, Banalia. Akabonyeza. Mashini ikanyamaza kidogo, kisha herufi za kijani zikamjibu kwa Kifaransa kwamba jurnali imejaa, na hakuna badiliko lolote litakalokubaliwa.

Alijaribu tena, jibu lilikuwa lile lile. Akajaribu kitu kidogo, kubadili hesabu ya pamba tu, mashini ikakataa. Kusoma iliruhusu, angeweza kuona dawa zote za depo, moja moja, mpaka jioni. Kuandika, hata alama moja, haikukubali.

Akajiambia, usitishike, jurnali ikijaa dawa yake ni bande. Alitia bande, akaamuru inakiliwe. Gurudumu likazunguka, likazunguka, akaketi mbele yake mikono katikati ya magoti akilisikiliza. Lilipomaliza alijaribu tena karatasi ya Sefu. Jurnali imejaa. Akatia bande nyingine, labda ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Ikazunguka hadi mwisho. Jurnali imejaa. Kunakili ilikuwa imenakili vizuri. Kufuta ndiko ilikokataa, na hakujua kwa nini.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomkaa. Hakuwa akiogopa mashini. Alikuwa anaogopa neno moja, sabotage, yaani hujuma, ambalo siku zile lilitosha kumpeleka mtu mahali asikorudi. Mtu wa kwanza wa mashini amechukuliwa Alhamisi. Jumatatu mashini inakufa mikononi mwa wa pili. Nani ataamini kwamba ni bahati mbaya?

Daktari Octave aliingia akijifuta jasho. "Sefu ananiambia bado. Kuna nini, Citoyenne?"

Akamweleza. Daktari alikuwa mtu msomi, mtu mzuri, aliyezeeka haraka miaka ile. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama jurnali ndiyo imejaa, si tuifute tu? Tuanze na mpya?"

"Papa Daktari, nimefikiri ile. Lakini ndani yake ndimo mashini inajua nini imemalizika na nini haijamalizika. Tukiitoa kwa nguvu inaweza kukataa kufungua ghala zima. Tutabaki na chuma tupu."

"Na tukiizima, tukaiwasha?"

"Sijui. Ninaogopa. Labda itaamka, labda haitaamka."

Daktari hakubisha. Alikwenda mezani kwake, akaandika karatasi kwa mkono wake, akapiga muhuri wa depo, akampelekea askari langoni mwenyewe. Marceline alimwona kwa dirisha akieleza, akionyesha upande wa Banalia, askari akitikisa kichwa kwa heshima. Akarudi na karatasi yake ikiwa imekunjwa.

"Anasema yeye pia ana watoto," alisema, "na ndiyo sababu hawezi."

Ikabaki phonie, ile redio ya kuongea na Kinshasa. Kule ofisini kwa watu wa mashini kulikuwa na injinia aitwaye Arthur, mzaliwa wa Bukavu, aliyewafundisha. Ilichukua muda mrefu kumpata, katikati ya milio na sauti za watu wengine waliokuwa wakiongea juu ya mbao na samaki. Kila mwenye phonie kati ya Kisangani na Kinshasa angeweza kusikia, na Marceline alilijua hilo kila alipofungua mdomo.

"Usiizime!" lilikuwa neno la kwanza la Arthur. "Mama Sikujua, unanisikia? Ukiizima na jurnali imejaa hivi, ikiamka itatafuta nafasi ya kurekebisha na haitaipata. Umenakili?"

"Nimenakili mara mbili. Imekataa kufuta."

"Alors kuna kazi iliyofunguliwa na haikufungwa. Mashini haiwezi kufuta kitu chochote kilichokuja nyuma ya ile kazi, kwa sababu bado inangoja mwenyewe aseme ndiyo au hapana. Hata kama ni mustari mumoja. Angalia nani yuko ndani. Nenda, ninangoja."

Marceline alirudi kwenye mashini akaiuliza ni nani waliomo. Ikampa majina mawili. La kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa HILAIRE, kuanzia Alhamisi asubuhi, kazi: kupokea mzigo, hali: haijafungwa.

Aligeuka nyuma, kana kwamba mtu amemgusa bega. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mlango tu wenye karatasi na muhuri, na nyuma yake terminali iliyokuwa imewaka siku zote hizo katika chumba kitupu. Yeye alikuwa amepita mbele ya mlango ule asubuhi na jioni bila kufikiri, kwa sababu alikuwa amejikataza kufikiri. Akakumbuka ile sauti: niache nimalize huu mustari. Machozi yakamjaa kwa ghafla, akayafuta kwa ncha ya kikwembe kabla Daktari hajayaona.

Kwenye phonie Arthur alikuwa bado anangoja. "Umeona? Ni nani?"

Marceline alishika kipaza sauti, akafikiri masikio yote yaliyokuwa yakisikiliza. Milio ikapita.

"Mama Sikujua? Jina la mwenye kazi?"

"Ni mwenzetu mmoja," alisema mwishowe. "Hayupo kazini."

Sauti ya Arthur ilikuwa imebadilika, imekuwa ya chini na ya haraka. "Bon. Nimeelewa. Sikiliza. Utaikata ile kazi kwa terminali yako, usiende kwa ya kwake. Mashini itairudisha nyuma, itakuwa kama haikuanzwa. Lakini hata kurudisha nyuma kunataka nafasi kidogo, donc kwanza futa ripoti za zamani, zile za kuchapa, jurnali ipate pa kupumua. Halafu ukate. Halafu bande tena. Na umeme usikatike katikati, Mama. Ninakuombea umeme usikatike."

Daktari Octave alikuwa amesimama pembeni, amesikia yote. Aliketi kwenye kiti cha wageni kama mtu aliyechoka sana.

"Kazi yake, kila kitu chake, wamekataza kisiguswe," alisema. Hakutaja jina. "Tukikata bila kuwaambia, watasema tumeficha alama zake. Ni lazima nimwite yule bwana wa usalama."

"Papa Daktari, barafu ya Sefu..."

"Ninajua barafu. Lakini ni wewe watakayemchukua, Mama Marceline, si barafu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo kazini.

Yule bwana wa usalama alifika upesi kuliko walivyotarajia, na hilo nalo lilitisha. Alikuwa mmoja wa wale wawili wa Alhamisi. Kwa karibu alikuwa mtu wa kawaida, mfupi, mwenye adabu, kalamu tatu mfukoni. Aliinama mbele ya kioo cha mashini, akasoma.

"Hilaire," akasema polepole. "Jina la kizungu. Na inasema yuko ndani. Sasa. Nani anaandika humu kwa jina lake?"

"Hakuna mutu, Citoyen. Ni kazi aliyoianza ile siku, haikufungwa. Mashini haijui kama ameondoka."

"Haijui." Akatabasamu. "Sisi tumemwondoa, na ninyi bado mnamweka. Alikuwa anaandika nini?"

"Mzigo wa chanjo. Idadi, namba za boksi."

"Unajuaje?"

"Aliniambia mwenyewe asubuhi ile. Na karatasi za mzigo ziko kwa Papa Daktari."

"Ukikata, yale aliyoandika yatapotea?"

Kusema uongo kungekuwa rahisi. Lakini Marceline alijua angeulizwa swali hilo hilo tena, mahali pengine, na mtu mwingine. "Ndiyo, Citoyen. Yatapotea. Nitayaandika upya kutoka kwa karatasi za mzigo."

"Basi kama kulikuwa na kitu kingine humo, wewe ndiye utakuwa umekifuta."

Nje Sefu alipiga honi, si kwa hasira, mara moja tu, kama mtu anayekohoa. Marceline aligeuka akamtazama yule bwana.

"Citoyen, kule Banalia watoto wanakufa," alisema. "Kama ni kosa, andika jina langu. Mimi nitakata."

Bwana yule alichomoa kalamu moja. "Utasaini."

"Nitasaini."

Hapo Daktari Octave akainuka kwenye kiti. Alikuwa amepauka. "Na mimi nitasaini chini yake. Lokinda alikuwa mfanyakazi wangu, ile kazi mimi ndiye niliyempa." Siku hizo zote hakuwa amelitamka jina lile, na alipolitamka alionekana yeye mwenyewe kushtuka. Wakasaini wote wawili. Bwana wa usalama aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, lakini hakuondoka. Alivuta kiti akaketi atazame.

Marceline alianza na ripoti za zamani. Alizifuta moja moja, akisoma kila jina kabla ya kubonyeza, akiogopa kufuta kisichofutwa mbele ya yale macho. Kisha akaandika amri ya kukata kazi ya Hilaire. Aliisoma. Akaisoma tena. Akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Kioo kilibaki kama kilivyo, taa ndogo ya mashini ikimulika bila kupumzika, ishara kwamba ndani kazi inarudishwa nyuma. Jina lilikuwa bado pale. Akauliza tena: bado. Nje mawingu yalikuwa yameshuka, na tone la kwanza likapiga bati.

Ndipo taa za chumba zikazimika.

Feni ya juu ikazunguka taratibu, ikasimama. Mashini haikuzimika, ilikuwa na betri zake chini ya meza, lakini betri hizo zilianza kulia, pii, pii, pii, na kila mtu pale alijua hazina nguvu ya muda mrefu. Groupe la depo, lile la kutoa umeme wakati wa shida, lilikuwa tupu tangu wiki iliyopita. Mazout, yaani dizeli, iliombwa, haikuja.

Marceline alitoka mbio mpaka uani, mvua ikimpiga. "Sefu! Kaka Sefu! Mazout!"

"Iko nini?"

"Umeme umekwenda! Mashini ikizimika sasa hatutapata kitu, si leo, si kesho. Groupe halina mazout!"

Sefu hakuuliza zaidi. Nyuma ya lori alikuwa na pipa la akiba ya kurudia. Aliruka juu, akalisukuma, akatia mpira ndani yake, akavuta kwa mdomo, akatema, akaelekeza mafuta kwenye ndoo. Askari wa langoni, yule aliyekataa karatasi ya mkono, alitupa bunduki begani akaja kushika ndoo ya pili. Walikimbia nazo hadi kibandani kwa groupe, nusu ikimwagika. Sefu akazungusha chuma cha kuwashia, injini ikakohoa, ikakataa. Akazungusha tena, akisema bismillahi. Marceline alisimama mlangoni hajui aende upande gani: huku groupe likikohoa, kule betri zikilia haraka zaidi, mlio umekuwa mmoja usiokatika.

Groupe likashika. Taa za chumba zikawaka, nyekundu kwanza, kisha nyeupe.

Aliporudi, maji yakimchuruzika, bwana wa usalama alikuwa bado kwenye kiti chake, na Daktari alikuwa amepiga magoti kando ya mashini kana kwamba angeweza kuishikilia kwa mikono. Marceline akauliza ni nani waliomo ndani.

Jina moja tu. Lake.

Hakufurahi. Aliona uzito kifuani, kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba ya mtu. Lakini hakukuwa na nafasi ya kukaa na uzito. Alitia bande, gurudumu likazunguka, na safari hii lilipofika mwisho mashini ilifuta ya zamani, jurnali ikawa karibu tupu. Kwanza akaingiza upya mzigo wa Hilaire, maana bila kupokelewa chanjo isingeweza kutoka. Daktari alimsomea namba za boksi, yeye akaandika, akafunga kazi. Kisha karatasi ya Sefu. Mashini ya kuchapa ikalia, karatasi ikatoka na herufi zake za nukta nukta, na Marceline akaing'oa kwa uangalifu mno, kama ingeweza kumvunjikia.

Masanduku yalijazwa chini ya mvua. Barafu ilikuwa imepungua. Sefu alisema atapitia kwa wauza samaki aongeze. Marceline alimuuliza atarudije bila akiba ya mazout.

"Wamisheni watanipatia, dada. Na kama hawana, nitabakia kule, nikule makemba, zile ndizi za shemeji." Akacheka, akapandisha kioo. Askari aliipitia karatasi mpaka mwisho kama sheria ilivyotaka, akafungua lango.

Sefu alilala njiani usiku mmoja kwenye potopoto, akafika. Chanjo nyingi ilikuwa bado baridi. Sanduku moja liliharibika. Mtoto wa shemeji yake alipona. Watoto wengine hawakuingoja chanjo, walikufa, wamisheni waliwataja kwa phonie, na Daktari Octave alizima redio baada ya hapo akabaki peke yake ofisini.

Marceline aliitwa na watu wa usalama mara kadhaa. Hawakumpiga. Walimkalisha kwenye benchi toka asubuhi, kisha wakamuuliza yale yale: alifuta nini, kwa nini mashini ilisema Lokinda yupo, na alimwambia nini alipopita. Alijibu yale yale. Alikonda, akawa anaamka kabla ya jogoo na kuketi jikoni, Emile akija kuketi naye. Halafu siku moja hawakumwita tena, na hakuambiwa sababu. Muhuri wa mlangoni ulikaa mpaka ukachakaa wenyewe kwa unyevu.

Hilaire alitolewa kifungoni mvua zilipokoma. Hakurudishwa kazini. Alikuja kumwamkia Marceline Jumapili moja baada ya misa, akitembea kwa fimbo, Berthe akimfuata nyuma na mtoto mgongoni. Marceline aliwapikia lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki wa kuchoma, akawakalisha sebuleni. Kwanza waliongea juu ya watoto, juu ya mto, juu ya nyavu za baba yake Hilaire ambazo sasa ndizo zitakazomlisha. Kisha Marceline akashindwa kuvumilia.

"Hilaire, kuna kitu nilifanya. Ile kazi yako ya Alhamisi..."

"Daktari aliniambia."

"Niliikata. Ilikuwa imeshika kila kitu. Kila waliponiita niliwaambia ni mashini tu, si wewe."

Hilaire aliweka chini tonge lake. "Kule ndani walikuwa wananiuliza," alisema. "Kila mara: unaandika nini kwa mashini, unaandikaje na uko hapa? Miye minasema, hapana andika kitu, niko hapa mbele yenu. Hawakuamini. Halafu siku moja wakaacha kuuliza ile. Sikujua kwa nini." Akamtazama. "Ni wewe, kumbe."

"Nilidhani utaona vibaya."

"Mama Marceline, ilikuwa mustari mumoja."

Berthe alicheka wa kwanza, kicheko chembamba cha mtu aliyesahau namna yake, na Hilaire akamfuata. Dirishani alipita mkuu wa selula, yaani tawi la Parti la mtaa ule, akatazama ndani akaona ni nani amekaa. Marceline alisimama, akamwamkia kwa heshima kupitia dirishani, "Mbote, Papa," akamwambia kwamba wana wageni. Kisha akaenda jikoni kumwongezea Hilaire samaki.